Nabii, Samaki na Mama Mkwe

Nimebishana na watu wengi katika maisha yangu, na wengi nimewashinda, maana sisi watu wa Bukavu hatukuumbwa kunyamaza. Mtu mmoja tu ndiye aliyezoea kunishinda kabla sijamaliza sentensi, naye leo ni mama mkwe wangu. Mimi sina kosa, na yeye hana. Lawama zote nawapelekea, kwa upendo, walimu wa Kiyahudi wa kale, waliofundisha kwamba Maandiko hayasomwi na mtu mmoja kimyakimya. Husomwa na wawili, uso kwa uso, kwa kelele.

Kelele tulikuwa nazo tayari. Kanisa letu la Wakongomani liko Katwe, hapa Kampala, ghorofani, juu ya karakana za chuma, na mojawapo ya karakana hizo ni yangu. Natengeneza mageti. Jumamosi alasiri, majirani zangu wakiendelea kugonga, mimi nilinawa mikono na kupanda ngazi hadi chumba cha nyuma, kwenye darasa la manabii. Mwalimu alikuwa mchungaji mzee wa kwetu, aliyejifunza Kiebrania ujanani na tangu hapo hakupata mtu wa kuzungumza naye. Ubao hatukuwa nao. Nilimletea bati nililolipaka rangi nyeusi, akawa anaandika herufi zake juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, na kila nyundo ya chini ikilia kwa nguvu chaki ilimruka mkononi.

Kilichonipeleka darasani sitakificha. Nilikuwa na hasira. Kwetu niliondoshwa na watu wenye bunduki, na nilikuwa nimesikia kwamba katika Agano la Kale wamo manabii wanaolaani miji mizima, pamoja na kuta zake. Nikaona hao ndio watu wangu. Nilikuwa na watu niliotaka walaaniwe, tena walaaniwe kwa Kiebrania, lugha ya asili, laana isije ikapungua nguvu njiani kwenye tafsiri.

Mwalimu akaanza na nabii aliyemezwa na samaki.

Nilitaka kurudi kwenye mageti yangu. Huyo si nabii wa watoto wa shule ya Jumapili, wanaomchora na penseli za rangi? Lakini mwalimu alisema sisi sote tunamfahamu samaki, nabii mwenyewe hatumfahamu hata kidogo. Halafu akatupa sheria mbili.

Ya kwanza: "Sisi ni Wakristo, na kwa Masihi tutafika. Lakini mtamwacha nabii amalize kwanza kusema."

Alikuwa na sababu. Darasa letu lilimwona Kristo katika kila kipande cha mti. Dada mmoja wa kwaya alikuwa amekwisha kutueleza kwamba merikebu ni Kanisa, mabaharia ni mitume, na samaki ni kaburi la siku tatu, na sisi sote tulikuwa tumekwisha kuitikia amina.

"Dada," mwalimu akamwambia, "zile siku tatu Bwana wetu mwenyewe alizitaja, na tutafika huko. Lakini huyu mtu bado yuko bandarini anatafuta nauli, ninyi mmekwisha kumfufua."

Sheria ya pili ndiyo iliyoniletea yote haya. Tukae wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akipinga, kama walivyofanya wanafunzi wa Kiyahudi wa zamani, na wawili wakishakutana wasiachane mpaka kitabu kiishe. Watu wakashikana na rafiki zao. Mimi siku hiyo nilichelewa kwa sababu ya bawaba iliyokataa kukaa sawa. Nilipoingia, kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbele ya Mganda pekee wa darasa zima.

Mganda katika ibada ya Kiswahili ni kitu cha kushangaza. Wengi wao Kiswahili hukiona lugha ya askari na majambazi. Lakini mama huyu alikuwa mjane wa polisi. Alikaa miaka mingi kwenye kambi, na Kiswahili alikipata pamoja na mume. Sasa aliuza matoke katika soko la Nakawa, na Jumamosi alikuja kwetu kwa bodaboda, gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda, imekunjwa vizuri magotini. Nilimuuliza kwa nini hasomi kwenye kanisa la kwao. Akasema mwalimu wa kule anakimbilia amina.

"Soma," akaniamuru.

Nikasoma kwamba nabii aliondoka ili akimbie. Nikaweka kidole kwenye mstari, nikaanza. "Mama, mimi minaona ule nabii alikuwa na haki ya kukimbia, juu alijua kama batu ba ule muji..."

"Inaandikwa wapi?"

"Ngoja kwanza, mama. Alijua kama bale batu..."

"Mimi nauliza wewe. Inaandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote, angalau si pale nilipokuwa nimeweka kidole. Hivyo ndivyo alivyokuwa, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alipiga meza kwa kiganja. Alinipiga begani kwa gazeti lililokunjwa. Alikuja na ndizi za kukaanga kwenye sahani moja, tukala wote wawili, na nilipotoa hoja dhaifu sahani ilihamia upande wake. Kuna siku nilirudi nyumbani na njaa kwa sababu ya theolojia.

Na nilimpenda. Nalisema wazi, kwa sababu mama yangu mzazi nilimzika kule kwetu, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu Kampala aliyejali kama ninachosema ni kweli au si kweli. Watu walinionea huruma. Mama huyu hakunionea huruma hata kidogo.

Siku moja mwalimu alitusimulia kwamba kati ya wale walimu wa kale walikuwapo waliosema samaki walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa dume, na tumboni mwake mlikuwa na nafasi tele, nabii akastarehe na kusahau kuomba. Ndipo Mungu akamhamishia kwa samaki jike mwenye mayai mengi sana, akabanwa huku na huku mpaka akapiga magoti. Darasa likacheka, na dada wa kwaya akauliza kama mambo hayo yanaruhusiwa. Mama hakucheka.

"Mimi nilikaa kwa ule samaki ya pili," akasema.

Akatueleza kuhusu kambi: kibanda kimoja cha bati, cha duara, familia mbili ndani, katikati pazia. Upande huu yeye, mumewe na watoto wao, upande ule askari mwingine na wa kwake. Kila neno lilivuka. Alikuwa akigombana na mwanamke wa upande wa pili miaka nenda miaka rudi, na sura yake aliiona tu wakienda kuteka maji.

"Tuligombana vizuli sana," akasema, na uso wake ukalainika. "Pazia haikatazi maneno."

Ugomvi wetu sisi wawili ulikuwa juu ya hasira. Mnakumbuka habari yenyewe: nabii anahubiri mjini kwa adui, adui wanavaa magunia na kutubu, Mungu anawasamehe, na nabii anakasirika mpaka anaomba kufa. Anatoka, anajenga kibanda nje ya mji, anakaa kungoja aone kama utaangamia. Nilimwelewa mtu yule kuliko nilivyomwelewa mtu yeyote katika Maandiko. Mimi pia nilikuwa nimejenga kibanda. Hata nilipopata chumba kizuri Katwe sikununua kabati, nguo zangu zilikaa kwenye begi, kwa sababu nilikuwa nangoja.

"Bale batu balifanya mabaya, mama. Leo banavaa magunia, na inaishia pale?"

"Mungu naona hivyo. Wewe nani?"

"Ule nabii alirudi kwao. Mukataa kwabo ni mutumwa."

"Inaandikwa wapi kama aliludi?"

Hapo alinikamata. Habari ile haina mwisho. Inakomea kwenye swali: Mungu anamuuliza nabii, mji mkubwa vile, wenye watu wengi wasiojua mkono wao wa kulia wala wa kushoto, na wanyama wengi, mimi nisiuhurumie? Jibu la nabii halikuandikwa. Mwalimu alituambia kwamba Wayahudi huisoma habari hii alasiri ya siku yao kuu ya kufunga na kutubu, na swali linabaki hewani pale pale. Alitukataza kuligusa mpaka tufike mstari wa mwisho. Mimi na mama tulikuwa tunaliotea tangu mwanzo.

Kisha ikanyesha.

Mvua ya Katwe haina mzaha, maji hujaa njiani na bodaboda hazipiti. Binti yake akaja kumchukua na mwavuli. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo Kibuli, na alisimama mlangoni akimsikiliza mama yake akinigombeza, akanitazama kwa macho ya mtu aliyepata mwenzake wa mateso. Jumamosi iliyofuata nilianza kuomba mvua. Niliombea mvua majira yote ya kiangazi, na wenye viwanja vya mahindi wangejua wangenipa sadaka. Baadaye tukaanza kukutana bila mvua. Mapenzi yetu sitayaeleza, yeye amenikataza. Itoshe kusema nilinunua kabati.

Nilipomwambia nataka kwenda kwao kujitambulisha, alifurahi, halafu akauliza kama najua habari za obuko. Sikujua. Tulikuwa tumekaa kwenye mteremko wa Kibuli, msikiti juu yetu, na mahindi ya kuchoma mkononi.

"Kwetu mwanaume na mama wa bibi yake hawakai pamoja," akaniambia. "Hawagusani, hawali sahani moja, hawaangaliani kwa uso. Ukimugusa, unashikwa na obuko. Unatetemeka mwili muzima mpaka unakuwa muzee."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na darasa?"

"Darasa inaisha."

Nilimfikiria yule mama, gazeti lake na kiganja chake mezani, nikahisi macho yananiuma. Binti akanigeukia.

"Sasa unalia kwa sababu yangu ama kwa sababu ya maama?"

Nikasema ni moshi wa mahindi.

Mambo yalikuwa mabaya kuliko nilivyodhani. Ukoo wao unashika mila, na mwenye kauli juu ya ndoa ya msichana ni shangazi yake, dada wa baba, ambaye kwao humwita senga. Senga aliposikia kwamba Mkongomani anayekuja kuposa amekula sahani moja na mama wa msichana, alivua miwani. Akaitisha kikao. Je, wamekaa uso kwa uso? Wamekaa. Amemgusa? Mama ndiye aliyempiga kwa gazeti. Gazeti ni kugusa au si kugusa? Wazee walibishana juu ya gazeti lile kama wanafunzi wa Kiyahudi kamili, na mimi sikuwepo. Senga aliona njia moja tu: mtu aliyevunja mwiko kiasi hicho hawezi kuwa mkwe, atafutwe mwingine.

Binti alisikiliza yote kutoka jikoni, akanisimulia kesho yake karakanani. Mama yake, alisema, alinyamaza mpaka wote walipomaliza, jambo ambalo peke yake liliwatisha. Kisha akasema kwa Kiganda, "Senga, kijana huyu ni mgeni. Hajui mkono wake wa kulia wala wa kushoto. Watu wa namna hiyo hata Mungu aliwahurumia." Na baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "Pamoja na ng'ombe."

"Mimi hapo ni mutu ama ni ng'ombe?" nikamuuliza binti.

"Hakusema."

Senga alivaa tena miwani yake. Akaamua kwamba yaliyopita yalifanywa na asiyejua, na asiyejua hana hatia. Lakini tangu siku ya kutambulishwa, mpaka ni mpaka.

Binti alipoondoka nilivaa kofia yangu ya kuchomelea na kushusha kioo chake usoni, ingawa sikuwa na geti la kuchomelea. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kumshambulia mama yule kwa sababu ya mstari mmoja, nikisema watu hawasamehewi kwa kuwa tu hawakujua, naye alikuwa ameuchukua mstari ule ule na kunipitisha nao mlangoni. Sikujua nimshukuru au nimwambie amekosea tafsiri. Niliona aibu, na nilikuwa na furaha, na kofia ile ilikuwa na joto sana.

Jumamosi ya mwisho alikuja kama kawaida, lakini bila gazeti. Tulifika mstari wa mwisho. Nikasoma swali la Mungu kwa sauti, nikaweka kidole, nikangoja anishambulie. Akafunga Biblia yake.

"Tunaachia hapa," akasema. Akaisukuma sahani ya ndizi yote upande wangu, akashuka ngazi.

Sikuzila. Tangu siku hiyo, nikipita Nakawa, niliona mikungu ya matoke ikiinuka na kutembea, maana alijificha nyuma yake. Nilikwenda kwa mwalimu kumlilia hali yangu. Nikamwambia, mchungaji, wewe umetufundisha kwamba kwa sisi Wakristo pazia la hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Haliwezi kupasuka na hili?

"Mwanangu," akasema, "lile lilikuwa la Mungu. La mama mkwe Mungu mwenyewe hakuligusa."

Siku ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa, tulikwenda tumevaa kanzu, vikapu vimejaa, na mwalimu amekaa katika safu ya wazee wangu. Katika shughuli hiyo bwana harusi hasemi. Hukodiwa msemaji, na upande wa msichana una wa kwao, na hao wawili hutaniana mpaka jua ligeuke. Tulitaniwa kwamba tumepotea njia, kwamba hawatufahamu, kwamba tumekuja kununua mbuzi. Tulikaa nje chini ya turubai. Mama wa msichana alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango, kama ipasavyo.

Ndipo senga akatoka. Msemaji wao akampisha, ingawa jambo hili halikuwamo katika mpango wake.

"Mama wa msichana ana swali," senga akasema kwa Kiganda, na msemaji wetu akanitafsiria sikioni. "Wakilijibu, vikapu viingie. Wakishindwa, warudi navyo." Akakunja uso kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa kigeni. "Yule mtu aliyejenga kibanda nje ya mji, akakaa huko na hasira zake. Mwisho wake alikwenda wapi?"

Minong'ono ikajaa turubai. Wazee wangu waliulizana kama ni kitendawili cha kabila gani. Msemaji wetu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alinitazama kwa mdomo wazi. Mwalimu tu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Nilitazama lile pazia. Jibu langu lilikuwa tayari mwaka mzima: alirudi kwao. Nililipeleka mpaka kwenye ulimi na halikukaa. Nikaangalia turubai juu ya kichwa changu, na nyumba mbele yangu, na watu waliokuwa wanaingia na kutoka humo wakibeba sufuria. Nikamvuta msemaji kwa mkono wa kanzu, nikamnong'oneza.

Akasimama, akasafisha koo.

"Bwana harusi anasema hivi: mtu yule alichoka kukaa nje. Akaingia mjini, akaoa humo humo."

Watu walicheka na kupiga vigelegele, wakidhani ni utani wa kwanjula. Senga aligeukia mlango, akangoja. Nilihisi jasho likishuka mgongoni chini ya kanzu, maana nilijua kwamba siku hiyo mama mkwe hasemi na mkwe, na nilijua kwamba nimesema kitu ambacho hakina hata herufi moja ya ushahidi.

Kisha pazia likatikisika, na sauti ikatoka, kubwa, ya soko la Nakawa.

"Inaandikwa wapi?"

Senga aliziba mdomo kwa mikono miwili. Wazee wao wakatazamana. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini, kidole kimeinuka kutafuta mstari, na mwalimu akanivuta nikae. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Jumamosi," akanong'ona, "uje na kitambaa kirefu."

Kitambaa alinunua mke wangu. Fimbo ya kukitundikia niliitengeneza mwenyewe, ya chuma kizito, nikaipachika kwenye kuta mbili za darasa, juu ya meza yetu. Sahani sasa ni mbili.